Wana wa Wajakazi Katika Makabila ya Israeli

Mtu akizungumza dini katika mji wa Moshi, au akipanda mlima kwa miguu mpaka Uru, Kibosho, Machame au Marangu, hakai siku nyingi kabla hajaletewa hoja ya Hajiri. Huletwa kwa utulivu, na watu waijuao Biblia vema, maana mapadri wa Roho Mtakatifu walikwisha jenga Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, na wamisionari wa Leipzig wakafika Machame mwaka 1893. Kitabu hicho kimesomwa huko na babu, na baba, na mjukuu. Hoja yenyewe ni fupi. Husema: Ninyi Waislamu mwamfuata Mtume aliyetoka katika uzao wa Ismaili. Ismaili alikuwa mwana wa mjakazi. Mwana wa mjakazi alitolewa nyumbani ili asirithi. Basi baraka ya Ibrahimu haikumfikia yeye, wala haiwezi kuwafikia waliotoka kwake.

Ndugu wengi walioingia katika Uislamu karibuni, na wengine ambao bado wanachunguza kwa nia safi, hunyamaza waelezwapo hivyo. Hudhani kwamba jambo hili limo katika Biblia, nasi humo hatuna la kusema. Mimi nasema twende humo humo. Wala tusianze na nyumba ya Ibrahimu a.s., ambako kila upande umekwisha jitayarishia majibu yake. Tuanze na nyumba ya mjukuu wake Yakubu a.s., ambaye ndiye aliyepewa jina la Israeli, tuone yale makabila kumi na mawili yalizaliwa na nani.

Habari yake imo katika Kitabu cha Mwanzo, kuanzia sura ya 29. Yakubu alikimbilia Harani kwa mjomba wake Labani. Akamtaka Raheli, akamtumikia Labani miaka saba kwa ajili yake, na usiku wa arusi akaingiziwa Lea, dada mkubwa. Akampata na Raheli pia, kwa ahadi ya kutumika miaka saba mingine. Labani alimpa Lea mjakazi aitwaye Zilpa, na Raheli akampa mjakazi aitwaye Bilha. Basi nyumba moja ikawa na wanawake wanne, wawili waungwana na wawili watumwa. Na kati ya wale waungwana wawili, mmoja akipendwa na mmoja hapendwi.

Lea, asiyependwa, alizaa Reubeni, Simeoni, Lawi na Yuda, na baadaye Isakari na Zabuloni, na binti mmoja, Dina. Raheli alikuwa hazai. Akamtoa Bilha ampe Yakubu, ili apate watoto kwa njia yake. Bilha akazaa Dani na Naftali. Lea naye alipoona amekoma kuzaa kwa muda, akamtoa Zilpa, akazaliwa Gadi na Asheri. Mwisho Raheli mwenyewe akamzaa Yusufu a.s., na baada ya hapo Benyamini, naye akafa katika kumzaa huyo. Sura ya 35 inawapanga wote kwa majina ya mama zao, na kutangaza kwamba wana wa Yakubu walikuwa kumi na wawili. Haisemi kwamba walikuwa wanane na wengine wanne wa pembeni.

Basi thuluthi nzima ya mizizi ya Israeli imetoka katika matumbo ya wajakazi. Mkristo aliyesema kwamba mwana wa mjakazi hana sehemu katika baraka ya Ibrahimu atafanya nini na Dani, Naftali, Gadi na Asheri? Hao walipewa nchi katika Kanaani sawasawa na ndugu zao. Majina yao yalichorwa juu ya vito vya kifuani vya Haruni a.s., kila kabila na jiwe lake (Kutoka 28:21). Na Gadi wa Zilpa aliwekwa katika kambi moja na Reubeni na Simeoni wa Lea, chini ya bendera moja (Hesabu 2).

Tena tutazame hesabu yenyewe iliyofanywa jangwani, katika sura ya kwanza ya Kitabu cha Hesabu. Wataalamu wa siku hizi hubishana juu ya ukubwa wa hesabu zile. Mimi nazichukua kama azichukuavyo Mkristo anayenihoji. Wanaume wa vita walikuwa 603,550. Kabila kubwa kuliko yote ni Yuda, watu 74,600. La pili yake ni nani? Si la Yusufu, mtoto wa mke mpenzi. Wala si la Reubeni, mzaliwa wa kwanza. Ni Dani, mwana wa Bilha, watu 62,700. Ukiwaongeza Naftali 53,400, na Gadi 45,650, na Asheri 41,500, wajukuu wa wajakazi wawili ni 203,250, yaani zaidi ya thuluthi ya jeshi lote. Na tukirudi nyuma katika Mwanzo sura ya 46, walipokuwa wakiingia Misri, Dani ametajiwa mwana mmoja tu, Hushimu, lakini Benyamini ametajiwa kumi. Huyu wa kumi alikuja kuwa na watu 35,400, akiwazidi Manase peke yao. Naliposoma kwanza jambo hili katika chuo cha dini ng'ambo, mwalimu wetu alitutaka tuyahesabu majina kwa vidole, sura kwa sura. Namshauri kila msomaji afanye vivyo hivyo, asinisadiki mimi.

Wala si kwa wingi tu. Wakati hema ya ibada ilipotengenezwa jangwani, mmoja wa mafundi wawili waliotajwa kwa jina alikuwa Oholiabu wa kabila la Dani (Kutoka 31:6). Baraka, aliyeongoza jeshi pamoja na Debora, alikuwa wa Naftali. Samsoni alikuwa wa Dani. Hata yule nabii mke Ana, mjane mzee ambaye Injili ya Luka yasema alimwona Isa a.s. angali mtoto mchanga hekaluni, ameandikwa kuwa wa kabila la Asheri. Hakuna aliyeuliza nyanya yao alinunuliwa au aliposwa.

Huenda mtu akajibu: Hao wanne walihesabiwa kuwa wana wa Raheli na wa Lea, kwa kuwa mabibi wenyewe ndio waliowatoa wajakazi wao na kuwapokea watoto kama wao. Jibu hili ni zuri, nami nalipenda, maana latufikisha pale pale tunapopataka. Sara alifanya nini? Someni Mwanzo 16:2-3. Hakuwa na mtoto, akamtoa Hajiri kwa Ibrahimu ili apate watoto kwa njia yake. Ni desturi ile ile, kwa sababu ile ile, karibu kwa maneno yale yale; na mwandishi anasema Hajiri alipewa Ibrahimu awe mke, kama asemavyo Bilha alipewa Yakubu awe mke. Ibrahimu mwenyewe ndiye aliyempa mtoto jina la Ismaili. Akamtahiri akiwa na miaka kumi na mitatu, siku moja na yeye baba yake. Sara akapata mwana wake mwenyewe baadaye. Raheli naye akapata mwana wake mwenyewe baadaye. Walakini Yusufu alipozaliwa, Dani hakuambiwa atoke.

(Sisi Waislamu hatukubali upesi kwamba Hajiri alikuwa mtumwa wa kununuliwa, na wapo waliotoa dalili kwamba alikuwa wa nyumba ya heshima huko Misri. Lakini kwa leo na tukubali kama wasemavyo wao, hoja isije ikakimbia kwa mlango huo.)

Kwa nini basi Sara alitaka Hajiri na mwanawe watolewe? Hapa mwanga umetoka mahali pasipotazamiwa. Katika majira ya 1901 na 1902 Wafaransa waliokuwa wakichimbua magofu ya Susa, katika nchi ya Iran, walipata jiwe refu jeusi lenye sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli aliyetawala karne ya 18 kabla ya Kristo. Jiwe hilo liko Paris. Sheria ya 170 inahusu mtu aliyezaa na mkewe na akazaa na mjakazi wake pia. Ikiwa baba huyo katika uhai wake aliwaita watoto wa mjakazi kuwa ni wanawe, akawahesabu pamoja na watoto wa mke, basi baada ya kufa kwake watagawana mali sawa, ila mtoto wa mke atatangulia kuchagua fungu lake. Sheria inayofuata yasema kwamba kama baba hakuwahi kuwaita hivyo, hawatagawana mali, lakini wao na mama yao wataachwa huru. Ibrahimu alitoka katika nchi hizo za mito miwili, na huenda desturi ya namna hiyo ilijulikana nyumbani mwake. Ukiisoma Mwanzo 21:10 na jiwe hilo akilini, waona wazi kwamba neno la Sara lilikuwa juu ya urithi, yaani mifugo na mahema na mali. Aliogopa kwamba Ismaili atagawana, kwa sababu kwa desturi alikuwa na haki ya kugawana. Mtu haogopi kugawana na asiye na haki.

Na Ibrahimu alipolisikia neno hilo, Biblia yasema lilimchukiza sana kwa ajili ya mwanawe. Mwenyezi Mungu akamtuliza, akamwahidi kwamba mwana wa mjakazi naye atafanywa taifa, kwa kuwa naye ni uzao wake (21:13). Sababu iliyotajwa hapo ni baba. Mama hakutajwa, si kwa kupandisha wala kwa kushusha.

Mkristo mwenye kusoma kwa makini atatuonyesha Mwanzo 17:21, ambapo agano latajwa kwa jina la Isihaka a.s. Hilo lipo, nasi hatulifichi. Mwislamu hakatai kwamba agano lilikuwa katika nyumba ya Isihaka. Angewezaje, naye huamini manabii waliotoka humo, tangu Yakubu na Yusufu mpaka Musa, Daudi na Isa, amani iwe juu yao wote? Lakini aya moja juu yake, 17:20, yasema Ismaili amebarikiwa, naye atazaa wakuu kumi na wawili. Kumi na wawili! Hesabu ile ile ya wana wa Yakubu, nayo imetajwa kwa Ismaili kabla Yakubu hajazaliwa. Swali letu ni moja tu: je, hali ya mama ndiyo inayofunga mlango? Nyumba ya Yakubu yajibu kwamba siyo. Kama mlango umefungwa, itafutwe sababu nyingine na iletwe. Hii imekwisha anguka.

Wengine hukimbilia Waraka kwa Wagalatia, sura ya 4, ambako Paulo anamfananisha Hajiri na utumwa. Paulo mwenyewe amesema hapo kwamba anazungumza kwa mfano. Mfano ni mfano. Hauwezi kubadili nasaba ya watu. Na ikiwa mwana wa mjakazi ni wa kufukuzwa kila anapoonekana, ingepasa pia kufuta majina manne katika milango ya mji ule alioonyeshwa Ezekieli, ambao sura ya 48 inaitaja kwa makabila. Upande wa mashariki milango ni ya Yusufu, Benyamini na Dani. Upande wa magharibi ni ya Gadi, Asheri na Naftali, wote watatu ni wa wajakazi. Upande mzima wa mji mtakatifu ni wao.

Sisi wa pwani na bara ya Afrika Mashariki hatupaswi kustaajabu. Seyyid Said bin Sultan alipofariki mwaka 1856, kiti cha Unguja kilikaliwa na mwanawe Majid, ambaye mama yake alikuwa suria wa Kicherkesi, na kisha mwaka 1870 na mwanawe Barghash, ambaye mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi. Katika sheria ya Kiislamu mtoto aliyezaliwa na bwana kwa suria wake ni huru tangu tumboni, naye humrithi baba yake sawa na mtoto wa mke. Utumwa umeondoka, na Mungu asiurudishe. Lakini kanuni ile ya kutomhukumu mtoto kwa hali ya mama yake haikuondoka nao.

Nimeandika haya yote kwa sababu jambo hili si la mabishano ya vitabu tu. Kijana mmoja wa vijiji vya juu alinijia mjini Moshi akitaka tuzungumze habari za Ismaili. Hakuwa Mwislamu, na sijui kama atakuwa. Tulizungumza kwa muda, nikaona swali lake silo analoliuliza. Mwisho akaeleza. Mama yake aliingia katika nyumba ya baba yake kama msichana wa kazi, akimsaidia mke mkubwa aliyekuwa mgonjwa. Baadaye baba alimwoa kimila. Mbuzi na mbege vikapelekwa kwao, na wazee wa pande mbili wakanywa. Kijana alizaliwa, akaandikishwa shule kwa jina la ukoo. Mwaka baba alipofariki, katika kikao cha ukoo baada ya matanga, kaka zake wa mama mkubwa walisema kwamba mtoto wa mtumishi hawezi kupewa sehemu katika kihamba. Na mmoja wao akafungua Biblia mbele ya wazee, akasoma Mwanzo sura ya 21, ya Hajiri na mwanawe. Kijana akaniuliza: Je, Mungu ndivyo alivyosema juu yangu?

Wasiokijua kihamba hawawezi kupima uzito wa swali hilo. Kihamba si shamba la kununua na kuuza kama mengine. Ni migomba na kahawa, na nyumba, na makaburi ya babu na nyanya chini ya migomba hiyo hiyo, na masale yaliyopandwa mpakani tangu siku ambazo hakuna aliye hai azikumbukaye. Kwa desturi ya Wachagga mwana wa kwanza na kitinda mimba ndio waliopendelewa katika urithi. Kitinda mimba hubaki na nyumba ya wazazi, na wa katikati aghalabu walikwenda kufungua ardhi mpya. Siku hizi mlimani hakuna ardhi mpya. Vihamba vimegawanywa mpaka vingine ni hatua chache tu. Ndipo watu huanza kuchunguza mama za ndugu zao.

Na hili ndilo la ajabu kwangu, kwamba watu wa mlima huu kwa historia yao wenyewe wanajua jinsi taifa lizaliwavyo. Muulize mzee wa ukoo asili yao, na mmoja atakuambia babu alikuja kutoka Ukambani, na mwingine Usambara, na mwingine Taita, na mwingine atataja Wamasai. Kila bonde lilikuwa na mangi wake, na msemo wa Machame si msemo wa Rombo. Hata hivyo leo wote ni Wachagga, na mwaka 1952 waliweza kumsimika Mangi Mkuu mmoja, Thomas Marealle, juu yao wote. Basi hawa wakisoma Biblia wangepaswa kuwa wa kwanza kuona kwamba Israeli nao walikuwa hivyo. Yuda alioa binti wa Kikanaani (Mwanzo 38). Simeoni alikuwa na mwana aitwaye Shauli, aliyezaliwa na mwanamke Mkanaani (46:10). Efraimu na Manase, ambao Yakubu aliwafanya kuwa wanawe mwenyewe, mama yao alikuwa Asenathi, Mmisri, binti wa kuhani wa Oni. Na jina la Efraimu ndilo manabii walilotumia baadaye kuuita ufalme wote wa kaskazini. Daudi alikuwa na damu ya Ruthu, Mmoabi. Ukitafuta Mwisraeli asiye na mgeni katika nasaba yake, utatafuta sana.

Nalimwuliza yule kijana maswali matatu. Je, baba yako alikuita mwanawe katika uhai wake? Akasema, mbele ya watu wote. Je, mama yako aliposwa kwao? Akasema ndiyo, na mashahidi wako hai. Je, siku ya maziko ulitia udongo kaburini? Akasema alitia, pamoja na kaka zake, na hakuna aliyemzuia. Ndipo nikamfungulia Mwanzo 25:9, mstari ambao kaka yake hakuusoma katika kikao kile. Ibrahimu alipokufa, waliomzika katika pango la Makpela walikuwa wawili: Isihaka na Ismaili. Yule aliyetolewa nyumbani alikuwapo kaburini, na ametajwa kwa jina, na ameitwa mwana pamoja na ndugu yake. Nikamwonyesha pia 28:9, ambapo Esau, mwana wa Isihaka, alikwenda kwa Ismaili akaoa binti yake Mahalathi. Watu walioachana kabisa hawaozani. Niliposhauri apeleke jani la isale kwa kaka yake mkubwa kabla ya kwenda baraza lolote, kama mila yao iamuruvyo mtu atakaye suluhu, alikubali. Nasikia kaka alilipokea jani. Mgawanyo wa ardhi bado uko mbele ya wazee hata ninapoandika haya.

Yakubu mwenyewe hakuwa baba asiye na upungufu wa kibinadamu kama Biblia imwelezavyo, na nyumba yake ililipia. Siku ya kukutana na Esau aliyemwogopa, aliwatanguliza wajakazi na watoto wao mbele, kisha Lea na watoto wake, na nyuma kabisa Raheli na Yusufu (Mwanzo 33:2). Mtoto mwenye akili, akiwa Dani au Gadi, ataelewa nini akiona amewekwa mbele ya watu mia nne wenye silaha, na ndugu yake mdogo amewekwa nyuma? Hata Kurani Tukufu, katika Sura Yusuf, yaeleza kwamba ndugu walilalamika kuwa Yusufu na ndugu yake wanapendwa na baba yao kuliko wao. Na kutoka malalamiko hayo wakafikia kisima. Yusufu hakuwa na hatia katika hayo, wala Kurani haimlaumu Yakubu. Lakini Mtukufu Mtume s.a.w. alikata shina la jambo hili kwa umati wake. Sahaba mmoja, Bashiri, alitaka kumpa mwanawe Nuumani zawadi, na mama wa mtoto akataka Mtume s.a.w. awe shahidi. Mtume s.a.w. akauliza kama watoto wake wote wamepewa kama hivyo. Aliposikia kwamba hapana, alikataa kushuhudia, akaliita jambo hilo dhulma. Hadithi hii imo katika Bukhari. Wenye wake wawili, na wenye familia moja mlimani na nyingine Arusha au Dar es Salaam, wanaijua sababu ya mimi kuitaja.

Sasa tuone Kurani Tukufu yawatajaje watu hawa. Makabila ya Israeli huitwa humo *asbat*, na wenye kamusi za Kiarabu wanahusisha neno hilo na mti wenye matawi mengi yatokayo katika shina moja. Katika Sura Al-Baqara, aya ya 134 (tukihesabu Bismillahi kuwa aya ya kwanza), Yakubu yuko katika kufa, naye anawauliza wanawe watamwabudu nani baada yake. Wote wajibu pamoja. Mwana wa Lea hakusemea wengine, wala wa Bilha hakunyamazishwa. Na katika jibu lao wanamtaja Mungu wa baba zao, Ibrahimu na Ismaili na Isihaka. Mchagga ataielewa aya hii upesi kuliko mtu wa Ulaya. Ismaili alikuwa kaka wa Isihaka kwa baba, basi kwa Yakubu alikuwa baba mkubwa. Katika ulimi wetu baba mkubwa ni baba. Mtu hamwiti mjomba wala rafiki wa baba. Wana wa Yakubu, wanne kati yao wakiwa wana wa wajakazi, walimhesabu mwana wa mjakazi miongoni mwa baba zao, tena wakamtaja mbele ya Isihaka kwa kuwa ni mkubwa wake.

Aya ifuatayo yasema umma ule umekwisha pita, nao una uliyoyachuma, nasi tuna tutakayoyachuma. Na katika 2:125 Ibrahimu alipouliza juu ya uzao wake, aliambiwa kwamba ahadi haiwafikii madhalimu. Hapo ndipo Kurani ilipoweka mpaka. Dhalimu wa tumbo la mke muungwana yuko nje, na mwadilifu wa tumbo la mjakazi yuko ndani. Wala Biblia haiko mbali na hayo. Reubeni alikuwa mzaliwa wa kwanza, mwana wa mke halali, na haki yake ya uzaliwa ilimtoka kwa sababu ya kosa alilolitenda katika kitanda cha baba yake. Kitabu cha kwanza cha Mambo ya Nyakati, 5:1, kinasema hivyo wazi. Na yule mke asiyependwa, Lea, ndiye aliyemzaa Lawi, ukuhani ukatoka huko, na Yuda, ufalme wa Daudi ukatoka huko.

Yabaki neno moja kwa wale wanaouliza kama wana wa Ismaili walikumbukwa tena na manabii wa Israeli baada ya siku za Mwanzo. Majina ya wale wakuu kumi na wawili yameandikwa katika 25:13-15, na wawili wa kwanza ni Nebayothi na Kedari. Karne nyingi zilipopita, Kitabu cha Isaya, 60:7, kikizungumza habari za siku za utukufu zijazo, kinawataja hao wawili kwa majina. Kondoo wa Kedari watakusanywa, na kondoo waume wa Nebayothi watapanda juu ya madhabahu ya Mungu, nao watakubaliwa.